Simba ni German Shepherd kweli? Kabla hujanunua kipimo cha DNA cha mbwa

Swali: Daktari, hujambo. Nilinunua mbwa huku Umoja kwa shilingi 30,000, nikaambiwa ni German Shepherd halisi na wazazi wake wote wawili wana karatasi. Karatasi zenyewe sijawahi kuziona. Simba sasa ana miezi minane, sikio la kushoto limelala, mkia unajikunja, na majirani wananiambia nimeuziwa koko. Mtandaoni naona vipimo vya DNA vya kufanyia nyumbani, bei mbalimbali. Nichukue kipi? Kikionyesha si German Shepherd, naweza kudai pesa zangu? Na kuna jirani anataka Simba ampande jike wake. Mama Simba, Umoja.

Jibu: Sijambo, Mama Simba, na pole kwa maneno ya majirani. Niruhusu nianze na hilo sikio, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Sikio kulala halimwondoi mbwa kwenye ukoo wake. Masikio ya German Shepherd huanza kusimama mapema, yakalegea tena wakati meno ya utotoni yanang'oka, kati ya miezi minne na sita, kisha yakasimama upya. Wapo wachache wa ukoo safi kabisa ambao sikio moja halisimami maishani. Mkia ndio ungenifanya niulize maswali zaidi kuhusu baba. Hata hivyo nimeshika mbwa wengi mno mezani kwangu kiasi kwamba siamini tena macho, yangu wala ya mtu mwingine. Rangi, urefu wa manyoya na umbo la sikio huamuliwa na jeni, yaani vipande vya DNA vinavyobeba sifa za kurithi, chache sana, na mbwa anaweza kuvaa koti la babu mmoja huku mwili uliobaki ukitoka kwa wengine saba.

Sasa tuje kwenye kipimo. Umeniuliza maswali matatu kwa pumzi moja: Simba ni nani, je, nilidanganywa, na je, anafaa kuzaa. Hakuna kifurushi kinachojibu yote matatu, na hapo ndipo watu wengi hapa Nairobi hupoteza pesa. Mtu huona bei na picha nzuri ya mbwa kwenye boksi, analipa, kisha anakuja kliniki na karatasi ya matokeo isiyogusa lile alilotaka kujua. Anza na swali, kampuni itajichagua yenyewe.

Ujue kwanza kipimo hufanya nini. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA, sisi tuna 23. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, yenye herufi kama bilioni 2.4, ilichapishwa mwaka 2005 kutoka kwa jike wa aina ya Boxer aitwaye Tasha. Kipimo cha nyumbani hakisomi herufi hizo zote. Kinasoma vituo vilivyochaguliwa. Vipimo vya mwanzo vilisoma vituo mia chache tu, ilhali leo kampuni kama Embark husoma zaidi ya 200,000. Kompyuta hukata DNA ya mbwa wako vipande vipande, kisha kila kipande inakilinganisha na mbwa walio kwenye hifadhidata yake, yaani kumbukumbu za DNA za mbwa waliokwisha kupimwa. Kipande kikifanana zaidi na cha German Shepherd, kinahesabiwa huko. Mwisho unapata asilimia.

Neno la kuzingatia hapo ni hifadhidata. Kompyuta haiwezi kumtaja mbwa ambaye haijawahi kukutana naye. Na mbwa wa kienyeji wa kwetu, huyo tunayemwita koko kana kwamba ni takataka, si mchanganyiko wa mbwa wa Wazungu. Ana nasaba yake ya kale. Mwaka 2009 kundi la watafiti, akiwemo Adam Boyko wa Marekani, lilichapisha kazi iliyopima mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wengi wao walikuwa na DNA yao wenyewe, tofauti na ya mbwa wa aina zilizotengenezwa Ulaya. Basenji, aina ya mbwa yenye asili ya Afrika, alikaa pamoja nao. Lakini Rhodesian Ridgeback, ambaye wengi humwona kuwa Mwafrika kindakindaki, alielekea zaidi upande wa mbwa wa kigeni. Adam Boyko na nduguye Ryan ndio baadaye walioanzisha Embark, na kwa sababu hiyo kampuni hiyo hutambua mbwa wa vijijini kama kundi linalojitegemea.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu ya mteja mmoja aliyeniletea matokeo kwenye simu yake, uso umemshuka. Mbwa wake, wa rangi ya udongo, mkia kama pete, kifua chembamba, aliokotwa mtaroni karibu na soko. Kipimo alichonunua, cha bei rahisi, kilimpa Basenji asilimia kadhaa, Chow Chow kidogo, na vipande vya aina nyingine nne ambazo hazijawahi kubweka mitaa yetu ya Eastlands hapa Nairobi. Tuliketi tukaitazama karatasi ile pamoja. Hakuna aliyemdanganya. Hifadhidata ile haikuwa na mbwa wa kwetu, na kompyuta ililazimika kuchagua ndugu wa karibu kati ya wageni iliokuwa nao. Mbwa wake alikuwa mbwa wa Afrika Mashariki, basi.

Kwa hiyo, Mama Simba, kama swali lako ni Simba ni nani, uliza kampuni jambo moja kabla ya kulipa: je, mnatambua mbwa wa vijijini wa Afrika? Wasipokuwa na jibu la wazi, waache, hata wakikupunguzia bei nusu. Kampuni mbili kubwa zinazojulikana ni Embark na Wisdom Panel, hii ya pili ikiwa ya Mars, wale wale wa chakula cha wanyama. Zote zinadai kutambua aina zaidi ya 350. Bei hucheza kati ya dola 80 na 200 kulingana na kama umechukua ukoo peke yake au ukoo pamoja na afya, kabla ya usafiri. Kwa Simba ningeielekea Embark kwa sababu ya hao mbwa wa vijijini, mradi ikubali sampuli kutoka Kenya. Hilo uwaulize kwa barua pepe kabla hujatoa hata senti.

Matokeo yakija, yasome kwa utulivu. Asilimia kubwa, 50 au 25, zina uzito: mzazi, babu, bibi. Vile vipande vya asilimia tatu au nne usivigombanie na mtu.

Sasa sehemu ya afya, na hapa utanivumilia nikae, kwa kuwa ndiyo pekee inayoweza kuokoa maisha ya Simba.

Kuna jeni inayoitwa MDR1. Kazi yake ni kutengeneza pampu ndogo inayosukuma dawa fulani nje ya ubongo. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, wakiwa na Katrina Mealey, waligundua kwamba Collie wengi wana jeni hiyo ikiwa imeharibika. Baadaye ikaonekana kwa aina nyingine za mbwa wa kuchunga mifugo, German Shepherd akiwemo, ingawa si wengi kama Collie. Mbwa mwenye kasoro hiyo akipewa ivermectin, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi, kwa kiwango kikubwa, dawa huingia ubongoni na kukaa.

Na ivermectin hapa kwetu iko kila mahali. Mbwa ana upele au kupe, mtu anaenda duka la dawa za mifugo, anauziwa chupa ya ng'ombe ya asilimia 1, anachoma nyumbani. Chupa hiyo ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kiwango cha kumkinga mbwa na minyoo ya moyo ni mikrogramu 6 tu kwa kilo, ambazo hata mbwa mwenye kasoro huzivumilia. Kwa mbwa wa kilo 30, mililita moja ya dawa ya ng'ombe ni zaidi ya mara 50 ya hiyo. Kwa upele mkali sisi madaktari wenyewe hutumia mikrogramu 300 hadi 600 kwa kilo kwa mbwa ambao hawana kasoro, tena kwa kupandisha polepole huku tukimtazama.

Jumapili moja jioni nililetewa dume mwenye damu ya Collie. Alikuwa amechomwa asubuhi. Alisimama mlangoni miguu imetanuka kama meza, mate yakidondoka sakafuni, mboni za macho zimefunguka hadi karibu hauoni rangi ya jicho. Nilipunga mkono mbele ya uso wake, hakupepesa. Hakuna dawa ya kuitoa ivermectin ubongoni. Unampa maji ya mshipa, unamgeuza asipate vidonda, unamlinda asipaliwe, unangoja. Tulingoja siku tisa. Alipona, lakini wapo wasiopona, na mwenye mbwa hajui kamwe kwamba sindano ile ya shilingi mia chache ndiyo iliyomuua.

Hiyo ndiyo sababu nawaambia wenye German Shepherd, Collie na chotara wao: mkiwa na pesa ya kipimo kimoja tu, pimeni MDR1. Huhitaji hata kifurushi kikubwa. Maabara ya Washington State hupima jeni hiyo peke yake kwa sampuli ya ute wa shavu. Na kabla ya majibu, usikubali mtu amchome Simba ivermectin, wala usimpe loperamide, ile dawa ya binadamu ya kuzuia kuharisha, kwa kuwa nayo hupita njia hiyo hiyo. Akionekana hana kasoro, bado dozi ipimwe na daktari.

Jambo la pili kwa ukoo huu ni ugonjwa wa uti wa mgongo unaodhoofisha miguu ya nyuma uzeeni, kwa kawaida mbwa akishapita miaka minane. Unahusishwa na jeni ya SOD1. Mbwa akirithi nakala mbovu kutoka kwa mama na kwa baba, yuko hatarini. Akirithi moja, ni mchukuzi tu: yeye kwa kawaida haugui lakini anaweza kuwapa watoto. Nasema yuko hatarini, sisemi ataugua. Tofauti hiyo imewahi kugharimu uhai. Mwaka 2018, katika jarida la Nature, wanasayansi watatu wa Marekani, Elinor Karlsson akiwa mmoja wao, walisimulia habari za Petunia, mbwa wa aina ya Pug mwenye miaka 13, aliyeanza kuyumba na kushindwa kujizuia haja. Wenye mbwa walinunua kipimo cha dola 65, kikaonyesha jeni hiyo, wakaamini hana tumaini, akalazwa usingizi wa milele. Lakini kwa hesabu ya waandishi wale, huenda ni mbwa mmoja tu kati ya mia wanaopatikana na jeni hiyo ambaye hupata ugonjwa wenyewe, na shida ya Petunia huenda ilikuwa kitu kingine kinachotibika. Nikisoma habari ile huwa naiweka simu chini kidogo. Karatasi ya DNA ije kwa daktari pamoja na mbwa, tumpapase mgongo, tupime damu, ndipo tuzungumze.

Na kuna mambo ambayo kipimo chochote hakitakuambia. Hakitakuambia kama Simba atapata homa ya kupe, na homa ya kupe, babesia na ehrlichia, ndiyo inayojaza kliniki zetu Nairobi msimu wa mvua. Hakizuii parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu wa watoto wa mbwa, wala kichaa cha mbwa. Kama bado hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa, tafadhali anza nayo kabla ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Na kama hofu yako ni kwamba chotara hatalinda boma, ondoa hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliotumia maelezo ya mbwa zaidi ya 18,000 na DNA ya zaidi ya 2,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Malezi yako yana nafasi kubwa hapo.

Ukiamua kupima, namna ya kuchukua sampuli ni hivi. Asubuhi, kabla hajala. Simba akiwa ametoka kula ugali na omena, utapima omena. Akishakula, subiri angalau saa nzima, na asiwe amelamba bakuli la mbwa mwingine au kucheza naye kwa mdomo. Nawa mikono. Kabla ya kufungua kijiti, sajili nambari ya kifurushi kwenye tovuti yao, maana kifurushi kisichosajiliwa hufika maabara bila mwenyewe. Mkalishe, mtu mmoja amshike begani huku akimsemesha. Inua mdomo wa juu pembeni, pale nyuma ya jino la chonge, ingiza kijiti kati ya shavu na ufizi, ukikandamize na kukizungusha huku ukihesabu polepole hadi 30, zaidi kama maelezo yao yanataka. Wengi hukosea hapa: wanapangusa mate juu ya ulimi. Mate yana chembe chache. Unataka zile zinazobanduka kwenye ngozi ya ndani ya shavu. Kama kijiti ni cha kukaushwa, kiache hewani kikauke, kisiguse meza. Kama ni cha chupa yenye maji maalumu, kitumbukize, funga, tikisa. Majibu huchukua wiki mbili hadi nne tangu sampuli ifike maabara. Wenye watoto wadogo wa mbwa wajue pia kwamba mtoto anayenyonya hupimwa vibaya, kwani mdomoni mna chembe za mama yake.

Kuhusu kutuma, usikimbilie kampuni ya usafirishaji na bahasha mkononi. Sampuli ya mnyama inayotoka nchini ina taratibu zake, na vibali viko chini ya Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete. Piga simu au pita pale uulize kabla ya kununua. Na kifurushi kinapoingia, ushuru unaweza kukuongezea bei usiyoitarajia.

Sasa pesa zako. Hapa sitaki kukupa matumaini ya bure. Sampuli uliyoichukua mwenyewe jikoni, bila shahidi, muuzaji ataikana kwa sentensi moja: huyo si mbwa niliyekuuzia. Ukitaka matokeo yawe na nguvu, mwekee Simba chipu yenye nambari tarakimu 15 chini ya ngozi, kisha daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo aisome, achukue sampuli yeye, aandike na kutia sahihi. Hata hivyo, kumbuka kipimo cha ukoo si hati ya nasaba. Vyama vya mbwa, pamoja na East Africa Kennel Club chetu hapa Nairobi, huandikisha mbwa kwa kumbukumbu za wazazi, na asilimia za kwenye simu haziwezi kumwandikisha.

Kuna njia fupi zaidi. Muuzaji alisema wazazi wana karatasi. Mwandikie leo, kwa adabu, akutumie nambari za usajili za baba na mama, halafu uulize chama kama zipo. Akisema zipo lakini huyu si mtoto wao, au akisema ni mtoto wao nawe una shaka, kipimo sahihi ni cha uzazi: DNA ya Simba ikilinganishwa na ya hao wawili. Maabara ya jeni za wanyama ya Chuo Kikuu cha California, Davis, hufanya kipimo hicho, na jibu lake ni la ndiyo au hapana, halina asilimia za kubishania. Akikataa kutoa nambari na kukataa wazazi kupimwa, basi umeshapata jibu lako bila kuagiza kitu. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp aliyoandika neno halisi, na tangazo lenyewe kabla hajalifuta. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili kufika pale. Karatasi hizo zitakusaidia kuliko DNA.

Limebaki la jirani. Sijali sana kama Simba ni safi au chotara, najali nyonga zake. Ugonjwa wa nyonga kulegea ni mzigo mkubwa wa ukoo huu, unatokana na jeni nyingi pamoja na lishe na uzito, na hakuna kipimo cha shavu kinachouona. Unaonekana kwa picha ya eksirei, mbwa akiwa amelazwa chali chini ya dawa ya usingizi, miguu ya nyuma imenyooshwa. Wamarekani hawampi mbwa alama ya mwisho ya nyonga kabla hajafikisha miezi 24, na mimi nafuata hivyo hivyo. Simba ana minane. Wakati huo pia tutakuwa na majibu ya MDR1 na SOD1, yake na ya jike. Wakiwa wachukuzi wote wawili wa SOD1, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbovu mbili, na hapo nitakushauri jirani atafute dume mwingine.

Mwambie asubiri. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya miezi sita hivi, hatapoteza kitu. Kwa sasa mlete Simba kwa daktari aliye karibu nawe, akiwa hajala, apapaswe nyonga na achukuliwe sampuli ya MDR1. Na cheti cha chanjo usikisahau nyumbani.